Sahani ya Mama Geneviève

Kampala, tarehe 9 Februari 2025

Mama Mudogo Denise,

Nakusalimu wewe na Mama, na kila anayelala chini ya bati lenu, pamoja na kuku waliookoka Noeli. Sisi huku tuko wazima. Mume wangu Constant anashona sare za shule usiku na mchana, mpaka ndotoni anapima watu mabega.

Najua hupendi mambo ya maana yasemwe kwa simu, maana kwenu simu moja inasikilizwa na masikio kumi. Ndiyo sababu nimempa Xavier, dereva wa lori la Mahagi, barua hii na vipande viwili vya sabuni.

Jambo la kwanza ni lako na Mama tu. Nina mimba ya miezi miwili. Hujasahau ile ya kwanza ilivyonitoka wiki ileile tuliyoletewa habari ya kifo cha Baba. Safari hii sitaki hata kuota vibaya.

La pili, ile kazi ya ofisini imekamilika. Ni darasa la mapishi ndani ya simu, kwa wagonjwa wa sukari na tansio ya damu wasio na uwezo wa kumlipa mtaalamu. Unafungua, unaona picha ya sufuria, na sauti inakufundisha kwa Kiswahili chetu: sombe ya majani ya mihogo isiyoogelea kwenye mawese, samaki wa kuchemsha, bugali usiozidi ngumi. Saa ya chakula na dawa ikifika, simu inaita yenyewe. Na sauti hiyo ni yangu, Mama Mudogo! Kwa simu ya Mama nimeweka wito wa peke yake: "Mama Geneviève, saa imefika. Umekula?" Nilipokuwa narekodi, nilimwona yeye tu mbele yangu, na kitambaa chake cha kichwani kimekaa upande.

Mgonjwa akishapika, anapiga picha ya sahani yake, nayo inatufikia mega za intaneti zikipatikana. Nimeona picha za Mama za wiki hii. Nimecheka mpaka Constant akaacha cherehani. Kila picha ina kidole gumba chake ndani, kile chenye kovu la jembe, kimelala kando ya bugali kama kipande cha nyama.

Uniandikie ukweli. Anakula anachopika? Muuguzi alisema sukari ikishuka na kutulia, ana miaka mingi mbele yake. Nataka amshike mtoto huyu mikononi. Mwaka huu sina ombi lingine.

Mtoto wenu,
Falone


Bunia, tarehe 9 Machi 2025

Mwanangu Falone,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya lori, pamoja na kipande kimoja cha sabuni. Cha pili Xavier anasema kilianguka njiani. Naona siku hizi anang'aa.

Huku tunamshukuru Mungu. Shule imefunguliwa, watoto wanne kwa benchi moja, na chaki naivunja vipande kama padri anayegawa hostia. Mjomba wako Hippolyte anasalimia, goti lake bado linamtabiria mvua. Tumepata wageni pia: Abigaël, binti wa binamu yetu, na watoto wake watano. Nyumba yao upande wa Kpandroma imechomwa. Hawakuokoa kitu isipokuwa sufuria moja, nayo imetoboka. Wanalala sebuleni. Mdogo kuliko wote anaitwa Ketsia. Ana miaka minne na macho makubwa kuliko uso.

Habari ya mimba nimeipokea kwa magoti. Sitaiandika tena, mambo ya namna hiyo hayapigiwi ngoma.

Sasa habari ya darasa lako. Kila siku saa nne mama yako anakaa barazani na simu mapajani, na wanawake wenye sukari wa mtaa mzima wanamzunguka. Mmoja akikohoa anakaripiwa: "Munyamaze! Iko mwanangu anafundisha!" Na wewe anakujibu. Uliposema kijiko kimoja cha mafuta, alikuuliza kwa sauti: "Kimoja? Weye Falone ulikomalaka kwa kijiko kimoja?" Watu walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Lakini somo la tatu limeleta maneno. Unasema mgonjwa apike kwa sufuria yake ndogo, ale sahani yake, asichanganye na ya nyumba. Mama yako alizima simu. Akaniambia, "Nikule peke yangu pembeni, batoto bananiangalia mu kinywa? Mi si mulozi." Nikamjibu kwamba sahani ile ni dawa. Akasema dawa inamezwa, chakula kinaliwa na watu. Wewe umekaa huko siku nyingi, umesahau kwamba kwetu mtu anayekula pembeni hutafutiwa sababu.

Hata hivyo amekubali, kwa ajili yako. Anapika sufuria yake, anapiga picha na kidole chake. Umeuliza kama anakula. Sahani inarudi jikoni tupu, safi kabisa.

Muuguzi Tina anataka na mimi niingie darasa hilo, eti tansio yangu imepanda tena. Nimemwambia nimefundisha maisha yangu yote, siwezi kufundishwa na simu uzeeni. Chumvi yangu mniachie.

Mama yako mdogo,
Denise


Kampala, tarehe 6 Aprili 2025

Mama Mudogo mpendwa,

Salamu nyingi. Mpe pole Abigaël kwa niaba yetu. Constant ameshona magauni matano kwa vipande vya sare, mtayapata kwa Xavier. Mwambie nimemhesabia, yasianguke njiani. Mimi natapika asubuhi na kula udongo mchana, mambo yanakwenda yanavyopaswa.

Nimesoma neno lile la ulozi mara nyingi. Hapa ofisini tulikaa meza nzima kuandika somo la tatu na hakuna aliyeliwaza, hata mimi niliyezaliwa kwenye sufuria hiyohiyo. Lakini umsihi Mama. Asione haya. Kula sahani yake si kumnyima mtu.

Kinachonisumbua ni kingine. Vipimo anavyotuma Tina vinaonyesha sukari ya Mama inashuka mno siku nyingine, wakati picha ya siku hiyo ina sahani kamili, maharagi, mboga, samaki. Sielewi. Juzi alinipigia mchana, ulimi mzito, akaniita kwa jina la Baba. Baadaye akacheka na kusema alikuwa ametoka usingizini. Mama Mudogo, dawa ile haitaki tumbo tupu. Ukiimeza bila kula inakuangusha. Amekula, au hajala? Kama chakula hakitoshi nyumbani, niambie. Nakuomba.

Falone wako


Bunia, tarehe 11 Mei 2025

Falone,

Barabara ya Mahagi ilifungwa tena kwa sababu ya watu wenye bunduki, ndiyo maana barua zako zimekaa. Magauni yamefika yote matano. Ketsia amekataa kulivua lake hata kulala. Hippolyte amezika mbuzi wake mmoja kwa heshima kubwa kuliko alivyomzika mkwe wake. Maharagi yamechanua vizuri nyuma ya nyumba. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri haraka kama anayekimbia mvua.

Umeniuliza kama chakula kinatosha. Swali hilo mtoto hamuulizi mama yake mdogo. Tunakula.

Kuhusu mama yako, Jumapili iliyopita alianguka kanisani. Alikuwa anatoka jasho na kutetemeka, na maneno yamemchanganyikia. Abigaël alimwekea chai yenye sukari nyingi mdomoni, mama yako akazinduka, akatuuliza kwa nini tumemsonga. Tina alimgombeza mbele yangu: "Mama, ukimeza kinini ya sukari lazima ukule! Lazima!" Mama yako akaitika kama mtoto mwema. Njiani akanishika mkono, akaniambia, "Denise, usimuandikie mutoto mambo ya tumbo. Iko na mimba."

Sahani bado inarudi tupu. Ketsia amepata mashavu tangu afike hapa. Anampenda sana mama yako. Wito wa simu ukilia yeye ndiye anayefika wa kwanza, anakaa karibu naye kabisa.

Nimekuandikia kiasi ninachoweza. Pumzika, usinyanyue ndoo.

Denise


Kampala, tarehe 22 Juni 2025

Mama Mudogo,

Nakusalimu kutoka kitandani. Tangu katikati ya Mei nilianza kuona damu, na daktari ameniamuru nilale mpaka mwisho. Constant anapika, anafua, anashona, na jioni ananisomea Zaburi kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya suruali. Mtoto anacheza. Anapiga teke kila nikisikia redio.

Barua yako ya Mei nimeiweka chini ya mto. Nilitaka kuja siku ileile. Daktari alisema nikipanda gari mpaka Arua, nitafika Bunia bila mtoto. Nikabaki. Nataka ujue nilibaki kwa kulazimishwa.

Picha za Mama zilikatika mwisho wa Mei. Nilipiga simu. Mara ya kwanza nikaambiwa yuko kanisani. Mara ya pili amelala. Mara ya tatu mafua yamempokonya sauti, na Mjomba Hippolyte, ambaye maishani mwake hajawahi kuniuliza hata habari za asubuhi, akanisimulia kilimo cha mihogo mpaka inite za simu zikaisha.

Halafu picha zikarudi, namshukuru Mungu. Nimeziangalia sana. Zimekuwa safi. Sahani iko katikati kabisa, imenyooka, kama iliyopimwa kwa rula. Hakuna kidole ndani. Mwambie Mama nimeona amejifunza.

Sitakusumbua kwa maswali. Daktari amenikataza kuwaza, na Constant ananichunga kama askari wa gereza. Nakuomba jambo moja tu: picha ya jioni isikose. Nikiona sahani, nalala.

Falone


Bunia, tarehe 13 Julai 2025

Mwanangu mpendwa Falone,

Tunakusalimu sote katika jina la Bwana. Hippolyte anakusalimu. Abigaël anakusalimu, na watoto wake, kila mmoja kwa jina lake. Mchungaji anakusalimu na kukuombea. Tina anakusalimu. Jirani yetu mwenye kinu anakusalimu, ameoza jino. Mama yako anakusalimu.

Bado koo linamsumbua, asingependa kuongea kwenye simu. Utamsamehe.

Wiki hii tumepika mboga ya lengalenga na karanga za kusaga. Jana samaki wa ziwani, mbichi, kwa nyanya na kitunguu tu. Sikuamini kwamba samaki anaweza kuwa na ladha bila kuzamishwa kwenye mafuta. Chumvi nimeipunguza mpaka nusu ya kijiko kwa sufuria nzima, kama unavyofundisha, na watoto wameacha kulalamika. Somo lako la dengu nimelisikiliza mara tatu. Unasoma haraka pale kwenye kuloweka. Mwalimu mzuri huwasubiri wa nyuma.

Lala kwa upande wa kushoto. Usinyanyue kitu. Usiamke kwa haraka. Usipokee simu za watu usiowajua, hata za watu unaowajua.

Denise


Kampala, tarehe 17 Agosti 2025

Mama Mudogo,

Nawasalimu wote, na kila mmoja kwa jina lake. Mwenye kinu aling'oa jino?

Nimebakiza wiki chache. Daktari amefurahi. Nimenenepa uso, miguu imejaa maji, na Constant amenishonea gauni ambalo angeweza kulikodisha kama hema.

Salamu za Mama zimenifikia. Na mimi nampelekea zangu kwa mkono wako. Wewe utajua pa kuziweka.

Juzi sahani ilikuwa na matembele na kiazi kimoja. Nilimwambia Constant anitafutie matembele, akazunguka masoko mawili. Nilikula nikiangalia picha, kidogo kidogo, mpaka tukamaliza pamoja. Sasa nafanya hivyo kila jioni. Mkipika maharagi, na mimi maharagi.

Tansio yako, Mama Mudogo, inasemaje? Hukuniandikia. Tina ametuma vipimo vya mtaa wenu, na kuna mama mmoja mwalimu ambaye yake imeshuka vizuri sana tangu Juni. Usiache, nakusihi. Picha isikose hata jioni moja.

Wako,
Falone


Bunia, tarehe 28 Septemba 2025

Falone, mwanangu,

Constant amepiga simu. Msichana, na analia kwa nguvu, na wewe umekaa ukanywa uji. Nimezunguka nyumba nikipiga vigelegele peke yangu mpaka koo likakauka. Hippolyte amecheza, goti lake likasahau kuuma. Mungu apewe sifa.

Sasa kaa chini. Mpe Constant mtoto.

Mama yako hayupo. Alitutoka tarehe 29 Mei, siku ya Kupaa. Tumemzika kwenye makaburi ya hapa, si kijijini kando ya baba yako, kwa sababu njia haikupitika. Nimekuwa nikikuandikia maneno ya mtu aliye chini ya udongo.

Nitakueleza yote, maana sasa una haki. Asubuhi ile simu iliita. Alikuwa amepika sahani yake, akapiga picha, akameza kinini. Mimi niliona kwa macho yangu kabla ya kwenda kanisani: watoto wa Abigaël wamekaa mstari mmoja ukutani, na yeye anawagawia, kila mmoja tonge, na kipande cha samaki kwa Ketsia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Machi. Dawa haigawanyiki, hiyo aliimeza kila siku kwa ajili yako. Sahani aliigawa. Nikamwambia dada yangu, "Yaya, na weye?" Akasema, "Bakule kwanza. Mi nitakula ya jioni, na siye bote." Akasema amechoka kidogo, atajilaza, twende tu.

Tuliporudi Ketsia alikuwa amekaa kitandani kwake akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. "Koko iko nalala," akatuambia; ndivyo alivyozoea kumwita bibi. Tulileta chai. Abigaël alimfungua mdomo. Chai ikarudi yote kwenye mto.

Abigaël alitaka kuondoka na watoto usiku uleule. Alilala mlangoni akisema yeye ndiye aliyekula uhai wa mama wa watu. Nilikaa naye hapohapo mpaka kukacha, asiondoke. Angekwenda wapi?

Kwenye kilio watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Tulikuwa tunaimba. Ikafika saa sita, na ndani ya kikapu chake sauti yako ikatoka, wazi kabisa: "Mama Geneviève, saa imefika. Umekula?" Falone, sitaki kuandika jinsi wanawake wale walivyolia. Wale wa barazani, wanafunzi wako, walianguka mmoja mmoja. Hakuna aliyejua namna ya kuizima. Ikauliza tena.

Hippolyte ndiye aliyesimama. Akasema mimba ya kwanza ya mtoto huyu iliondoka na kifo cha baba yake, na ya pili haitaondoka na kifo cha mama yake. Hakuna atakayempelekea habari mpaka ajifungue, na atakayefungua mdomo si wa ukoo huu. Constant aliambiwa, akaapa kwenye simu akilia. Wakasema tukudanganye kwamba simu ya mama yako imeibiwa. Mimi nikasema sahani zikikatika mtoto atajua. Basi baada ya matanga nikafunga kitambaa, nikawasha makala ya moto jikoni, nikafungua somo la kwanza.

Sikujua kupika sufuria ya mtu mmoja, wala sikutaka tena kuiona. Nikapika ya nyumba nzima kwa masomo yako, mafuta kidogo, chumvi kidogo, mboga nyingi. Ikishaiva napakua sahani moja, naipiga picha. Kisha wewe unauliza, "Umekula?" na simu hainyamazi mpaka mtu abonyeze ndiyo. Mimi sijui kubonyeza uongo kwenye swali kama hilo, ingawa kwenye karatasi nimeuandika vizuri. Kwa hiyo niliila. Kila siku niliila yote, watoto nao wakila zao, na machozi yangu yalitosha kuwa chumvi.

Kukuficha siombi msamaha. Ningerudia kesho. Ninachokililia ni ile miezi ya kwanza, uliponiuliza kama anakula na kama kuna chakula, na mimi nikakujibu kwa kiburi. Kumwandikia njaa mtoto aliye ugenini ni kuomba, na mimi sikulelewa kuomba. Yaya alinikataza, ndiyo, lakini na mimi sikutaka. Laiti ningeandika neno moja tu.

Sasa umejifungua na kazi yangu imekwisha. Kesho namrudishia Tina masomo yote na kuifunga simu ndani ya sanduku, pamoja na vitambaa vyake. Lia, mwanangu. Sasa unaweza kulia.

Denise


Kampala, tarehe 26 Oktoba 2025

Mama Mudogo,

Tunakusalimu watatu. Mtoto tumempa jina la Mama, kama wote mlivyojua tutafanya. Ana hasira akicheleweshewa ziwa, na vidole virefu. Constant ameanza kumpima mabega.

Nilijua.

Nilijua tangu picha ya kwanza ya Juni. Mama hakuwahi kupiga picha bila kidole chake kuingia, hata ile ya ndoa yangu ina kidole juu ya kichwa cha mchungaji. Nilipoona sahani ile iliyonyooka, nilitambua mkono wa mwalimu. Na Mjomba na mihogo yake! Na Constant aliyekuwa akitoka nje kupokea simu, akirudi ameosha uso. Mlikuwa waongo wabaya sana, wote, na niliwapenda.

Nilikaa kimya kwanza kwa ajili ya mtoto. Nilijiambia kama sijatamka, mwili hautasikia. Usiku niliuma shuka. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Kila jioni sahani ilikuja, na Tina akatuma vipimo, nikaona tansio yako inashuka, wewe uliyekataa chumvi yako isiguswe. Nikaelewa nani anakula. Nikasema, nikimwambia Mama Mudogo kwamba najua, ataacha kupika. Basi nikala na wewe. Mimi hapa na wewe huko, na katikati yetu Mama, ambaye hatukumtaja.

Sikumkasirikia Abigaël, umwambie hivyo kwa mdomo wako, watoto wakisikia. Hasira yangu ni kwa sauti yangu. Mimi ndiye niliyemwita kila siku ameze, tena kwa upole. Nilimfundisha namna ya kula peke yake, mtu ambaye hakuwahi kula peke yake tangu azaliwe. Nimewaambia ofisini somo la tatu lifutwe, na sufuria iwe ya nyumba nzima, na simu iulize kwanza kama chakula kipo ndipo itaje dawa. Walinisikiliza vizuri, wakanipa pole ya msiba na ya uzazi kwa pamoja. Sijui kama watabadilisha.

Barua yako ilikwama Mahagi, imenifikia juzi. Lakini ulivyoandika ulifanya. Mwisho wa Septemba, jioni, nilikaa na mtoto kifuani, chakula kipo mbele yangu, nikangoja picha. Haikuja. Kesho yake haikuja. Siku ya tatu niliweka sahani chini na hapo ndipo nililia kilio cha Mama. Nililia mpaka majirani Waganda wakaingia bila kubisha hodi. Miezi yote ile nilijua amekufa, lakini mpaka jioni ile alikuwa bado anakula.

Mama Mudogo, usiifunge simu sandukuni. Ile sauti ya kumwita Mama nimeifuta mwenyewe, haitakutisha tena. Sasa inaita jina lako. Pika ile sufuria kubwa, pakua na yako, na ukae ukutani na watoto mle wote. Kama makala hayapo, au unga, uandike. Andika tu kwamba hakuna. Mimi ni mtoto wenu, kwangu si kuomba.

Na ukipiga picha, usiinyooshe. Weka kidole chako ndani, pale pembeni, nijue ni wewe.

Falone